Picha zako za kulodi kwenye GTA zinatoka chenga? Tafuta kwanza zilipoharibikia

Wadau wa Mtwara na Lindi, hasa nyie mnaocheza GTA San Andreas kwenye hizi komputa zetu za kawaida, naandika hii sababu naona vijana wengi sasa hivi wanabadilisha picha za kwenye skrini ya kulodi wanaweka za kwetu, mmoja kaweka Boma la Mikindani, mwingine ufukwe wa Msimbati, mwingine magofu ya Kilwa Kisiwani, mwingine Nangwanda Sijaona siku ya mechi watu wamejaa. Wazo ni zuri sana, gemu likiwa linafunguka unaona nyumbani. Sasa shida inakuja hapa, picha kwenye simu ilikuwa kali kabisa, ikiingia kwenye gemu imekuwa chenga, au ina ukungu, au anga limetoka mistari mistari, na mtu anahitimisha kwamba gemu ni la zamani halikubali picha nzuri. Ni kweli la zamani, lilitoka 2004 kwenye PS2 na 2005 kwenye PC, ila picha nzuri linakubali, na linaionesha vizuri tu.

Kinachowaangusha wengi ni kwamba wanaanza kurekebisha kabla hawajajua picha imeharibikia wapi. Mtu anaona ukungu anaongeza shapu, anaona chenga anaweka programu ya AI ya kukuza picha, anaona rangi imefifia anaongeza rangi, na kila anachoongeza kinazidisha ubovu kwa sababu tatizo lilikuwa sehemu nyingine kabisa. Picha inapita vituo kadhaa mpaka ifike machoni kwako: kamera, njia uliyotumia kuihamisha, programu ya kuhariri, faili la gemu, gemu lenyewe, halafu kioo. Kila kituo kikiharibu kinaacha alama yake na alama hizo hazifanani, ukizijua hubahatishi tena.

Vifaa ni vitatu tu na vyote ni bure: GIMP ya kuhariri, Magic.TXD ya kufungua faili la gemu, na modloader ya kuingizia modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, bila kugusa mafaili ya asili. Picha za kulodi zimo kwenye folda la gemu, ingia models, kisha txd, utakuta faili linaitwa LOADSCS.txd. Likopi uliweke pembeni kabla ya kitu chochote, hata kama una uhakika gani na unachofanya.

Kupima

Chukua picha yako ya mwanzo kabisa, ile kabla hujaipunguza wala kuikata, ifungue kwenye GIMP halafu vuta zumu mpaka asilimia 800. Angalia sehemu iliyotulia, mfano anga au ukuta, halafu angalia pembeni mwa kitu chenye mstari mkali kama paa au mlingoti wa dau. Ukiona vibox vyenye pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 8 kwa 8, hiyo ni alama ya JPEG iliyobanwa sana, maana yake picha ilishaharibika kabla gemu halijaigusa. Hesabu kabisa pikseli kwa jicho, usikadirie.

Kama picha ya mwanzo iko safi, fungua LOADSCS.txd yako, ile uliyoshaweka picha zako, kwenye Magic.TXD, chagua picha moja uitoe tena kama PNG. Ile PNG nayo ivute zumu asilimia 800. Ukiona vibox vya pikseli 4 kwa 4, hapo aliyeharibu ni ule mfumo wa kubana tekscha, yaani picha za ndani ya gemu, unaoitwa DXT, na hilo linatibika kwa dakika mbili. Na kama PNG uliyoitoa iko safi kabisa na ukubwa wake unatosha (nitaueleza hapo chini) ila kwenye gemu bado mbaya, basi faili lako halina kosa, kasoro iko kwenye mpangilio wa gemu au kwenye kioo.

Hicho kipimo cha 8 na 4 ndo msingi wa yote yanayofuata, usikiruke. Kumbuka tu kwamba ukishaipunguza au kuikuza picha vile vibox vya JPEG navyo vinabadilika ukubwa, ndo maana nimesema upime ile ya mwanzo.

Picha ilishakuja mbovu

Kwa huku kwetu hiki ndo chanzo namba moja na jina lake ni WhatsApp. Picha ya Msimbati imepigwa vizuri, ikatumwa kwenye grupu, ikasevuiwa, ikatumwa tena grupu lingine, mtu akaiweka status, mwingine akapiga skrinishoti ya status, na hiyo skrinishoti ndo unayotaka ijae kwenye kioo cha komputa. Kila ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa na kubanwa upya. Korosho ikishavunjika wakati wa kubangua hata uipange namna gani kwenye gredi haiwi nzima tena, na picha nayo iko hivohivo. Mtafute aliyeipiga, mwambie aitume kama dokumenti sio kama picha, yaani abonyeze ile alama ya kuambatisha, achague Document, aitafute picha humo. Ikija hivo inakuja ilivyo. Au chomeka simu kwa waya uihamishe moja kwa moja, hiyo hata bando haili.

Kama unapiga mwenyewe, usitumie zumu ya kidijitali ya simu, sogea karibu. Na futa lensi! Sisi watu wa pwani upepo wa bahari unaacha chumvi kwenye kioo cha kamera na huioni kwa macho, unakaa Shangani nusu saa tu unapiga picha za jua linazama, taa zote na mwanga wote unavutika kama umepakwa mafuta. Ule ukungu hakuna programu itakayoutoa vizuri, kitambaa kikavu cha pamba kinautoa kabla haujaingia.

Kuhusu AI za kukuza picha kama Upscayl, mimi sizipingi, kwa mandhari ya bahari na mawingu zinasaidia kweli kama huna njia nyingine. Ila kwa sura za watu na kwa vitu vyenye michoro midogomidogo naomba uwe makini sana. Ukiiweka picha ya kinyago cha Kimakonde au lipiko, kile cha kuvaa kwenye ngoma, zile chale za usoni programu haizijui, inabuni za kwake, unapata sura imenyooka na inang'aa ila alama sio zile alizochonga fundi. Kwa kanga ni hivohivo, maandishi ya jina la kanga yanageuka kuwa vimistari visivyosomeka. Kama kitu kina maana kwa watu, bora picha halisi yenye ulaini kidogo kuliko ya kubuni.

Ukubwa

Ukifungua faili la asili utakuta picha zimo kwa umbo la mraba, 512 kwa 512, na watu wengi wanafuata hapohapo wanapunguza picha yao iwe 512 halafu wanashangaa ukungu. Fikiria laptopu ya kawaida yenye kioo cha 1366 kwa 768. Picha ya pikseli 512 inavutwa karibu mara 2.7 kwa upana na mara 1.5 kwa urefu. Lazima iwe na ukungu, na ukungu wenyewe unakuwa mwingi kwa upana kuliko kwa urefu, ndo alama ya tatizo hili: mistari ya kusimama, kama minazi na nguzo, inakuwa imelainika kuliko mistari ya kulala kama upeo wa bahari.

Huna haja ya kubaki na 512. Unachotakiwa kukiheshimu ni namba zenyewe, ziwe 256, 512, 1024, 2048, yaani kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia, maana kadi za zamani za grafiki zinagoma na namba kama 1366, unaweza ukapata kioo cheupe au picha isitokee kabisa. Mimi napendekeza 2048 kwa 1024 kwa komputa nyingi, na 1024 kwa 512 kwa zile zenye RAM ndogo.

Sasa hapa kuna kitu kinawachanganya watu, fuata taratibu. Gemu likichora skrini ya kulodi linaivuta picha mpaka ijae kioo chote, haliangalii picha yako ina umbo gani. Kwa hiyo umbo la kuzingatia unapokata ni la kioo, halafu baadaye unaibonyeza iingie kwenye 2048 kwa 1024. Kwenye GIMP chukua kifaa cha kukata, washa uwiano usiobadilika, andika 16:9, kata. Kisha nenda Image, halafu Scale Image, vunja ule mnyororo mdogo uliofunga upana na urefu, andika 2048 na 1024, kwenye Interpolation chagua Cubic au NoHalo. Picha itaonekana imenenepa kidogo, watu wamekuwa wapana, usiogope wala usiirekebishe, gemu ndo litaibana irudi sawa. Ukicheza kwenye ile mionita ya zamani ya 1024 kwa 768 kata 4:3 badala ya 16:9, mengine yote yaleyale. Na kama umeshaweka modi ya widescreen jaribu kwanza na picha moja, maana modi hizo nyingine zinabadilisha jinsi skrini ya kulodi inavyochorwa, zinaweka weusi pembeni.

Ukishapunguza ndo unaongeza shapu, sio kabla. Filters, Enhance, Sharpen, radius isizidi 1 na amount kama 0.5 hivi. Ukiona utepe mweupe pembeni mwa paa au kichwa cha mtu umezidisha, rudisha. Ukiwa bado unafanya kazi sevu kwa XCF (fomati ya GIMP yenyewe) au PNG, kila ukisevu JPEG unaibana tena.

DXT, huyu ndo anaharibu bila kujulikana

Tuseme umefanya yote hayo vizuri, ukaingiza, ikatoka na vibox vya 4 kwa 4. Inafanyika hivi: DXT1, aina mojawapo ya DXT, inaigawa picha kwenye vipande vya pikseli 4 kwa 4, na kila kipande kinaruhusiwa kusevu rangi mbili tu, nyingine mbili zinatengenezwa katikati ya hizo. Pikseli 16 zinagawana rangi nne ambazo zote ziko kwenye mstari mmoja wa rangi, yaani ni zile mbili na michanganyiko yao tu. Tena hizo rangi mbili zenyewe zinasevuiwa kwa ngazi chache, 32 za nyekundu, 64 za kijani, 32 za bluu, wakati picha yako ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila moja.

Ukitaka kuiona kwa macho chukua bendera yetu. Ule mkanda mweusi wa kukatisha una kingo za njano, juu kijani, chini bluu. Kwenye bendera ndogo iliyowekwa kona ya skrini, kipande kimoja cha 4 kwa 4 kinaweza kuwa na kijani, njano na nyeusi kwa pamoja, rangi tatu ambazo haziko kwenye mstari mmoja. DXT1 inachagua mbili, ya tatu inalazimishwa kufanana na mojawapo au na mchanganyiko wao, ndo unaona njano imechafuka, ina madoa ya ukijani mchafu, na ukingo umekuwa ngazi ngazi. Vivyo hivyo maandishi meupe juu ya jezi yenye rangi mbili tatu. Na anga la jua kuzama, ambalo linatoka chungwa kwenda zambarau polepole sana, linakosa ngazi za kutosha linakuwa mistari.

Dawa yake kwenye Magic.TXD ni hii. Unapobadilisha picha kwa Replace inakuletea dirisha la kuchagua fomati. Chagua Raw raster ya biti 32, usichague Compressed, na Palette iache kabisa maana hiyo inakupa rangi 256 tu kwa picha nzima na inajaza vidoti. Jina la tekscha lisibadilike hata herufi moja, yale ya loadsc na namba yake, ukibadilisha gemu halitaliona.

Bei ya kutobana ni uzito. Picha moja ya 2048 kwa 1024 isiyobanwa ni MB 8, ikibanwa kwa DXT1 ni MB 1. Ukiweka 14 za namna hiyo ni MB 112 dhidi ya MB 14, na faili lote ni moja kwa hiyo linafunguliwa kwa pamoja. Kwenye komputa ya RAM GB 2 inayocheza gemu huku imefungua na brauza hiyo sio kidogo, kulodi kwenyewe kutachelewa. Ninavyofanya mimi ni kuchanganya: picha zenye anga kubwa, bendera, au maandishi naziacha bila kubana, ila picha zenye vitu vingi vingi kama soko la samaki, mikorosho, umati wa uwanjani, nazibana tu, maana jicho halioni kosa kwenye vurugu. Na ikibidi anga libanwe, liongezee vumbi kidogo kwanza kwenye GIMP, Filters, Noise, RGB Noise, kiasi kama 0.02 hadi 0.04, ile mistari inavunjika haionekani kama mistari tena.

Mipmapu, zile nakala ndogo ndogo za tekscha, zima. Kwenye skrini ya kulodi hazina kazi na zinaongeza theluthi nzima ya uzito. Kwa nyie mnaojifunza kutengeneza magemu yenu kwa Unity hii ni muhimu zaidi, maana mchezaji akiweka ubora wa chini injini inachukua ile nakala ndogo na picha yako inakuwa na ukungu kwake wakati kwako iko safi. Kwenye mpangilio wa picha zima Generate Mip Maps, weka Compression kwenye None, na hakikisha Max Size haiko chini ya ukubwa wa picha yako.

Rangi na maandishi

Rangi ikipooza bila sababu, na picha ilitoka kwenye simu za bei juu hasa iPhone, jua imebeba profaili ya rangi pana ambayo gemu haliisomi. GIMP ikikuuliza wakati wa kufungua, kubali ibadilishe kuwa sRGB, yaani rangi za kawaida za skrini, au nenda Image, Color Management, Convert. Mabango ya stesheneri yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuprinti yana shida ya namna hiyohiyo, yako kwenye CMYK, rangi za wino wa printa, yageuze kwanza yawe RGB, rangi za skrini.

Maandishi yaandike mwenyewe kwenye GIMP juu ya picha, kwa leya yake, kabla hujaibonyeza kuwa 2048 kwa 1024. Tumia fonti nene. Epuka nyekundu juu ya nyeusi, maana JPEG nyingi zinahifadhi taarifa za rangi kwa robo tu ya pikseli, mwanga ndo unahifadhiwa kamili, na nyekundu yako ikipita huko inavuja pembeni. Kona ya chini kushoto iache wazi, ule mstari wa kulodi unatokea hapo na utakaa juu ya jina lako.

Kuingiza na kujaribu

Usilifute faili la asili. Ndani ya folda la modloader tengeneza folda jipya, lipe jina lolote, tumbukiza LOADSCS.txd yako humo, fungua gemu. Ukitaka kurudi ulikotoka unalitoa folda basi. Kama PNG uliyoitoa kwenye TXD ilikuwa safi ila hapa anga lina mistari, ingia kwenye mpangilio wa Display ndani ya gemu uangalie resolusheni, yaani idadi ya pikseli kwa upana na urefu, mwisho wa kila mstari kuna namba x16 au x32, hizo ni biti za rangi. Wengi wameachiwa x16 na aliyewawekea gemu ili liwe jepesi. Weka x32, na chagua ileile resolusheni ya kioo chako, sio ndogo yake, maana ikiwa ndogo kioo chenyewe kinaivuta picha na ukungu unarudi.

Kwenye vibanda vya gemu ambako komputa imeunganishwa na TV kuna jambo la mwisho. TV nyingi zinakata kingo za picha kidogo na kuivuta, halafu zinaongeza shapu zenyewe, ndo unaona utepe mweupe kwenye maandishi ambao kwenye laptopu haupo. Chukua rimoti, tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, chagua ile inayoonesha picha nzima bila kukata, kwenye TV nyingine inaitwa Just Scan nyingine Screen Fit, kisha Sharpness ishushe mpaka utepe upotee. Kama mwenye kibanda hataki TV yake iguswe, sogeza maandishi yako ndani kidogo kutoka kwenye kingo, kama asilimia 5 ya upana kila upande, hapo hata ikikatwa jina lako linabaki zima.